Mawe ya redio: je, vyombo vinavyooza vitatuletea amani?

Mazungumzo ya redio juu ya amani na masikilizano, yaliyoandikwa kwa ajili ya vikundi vya wasikilizaji

Mazungumzo haya yalipita kwenye redio, na sasa unayashika mkononi. Uyasome polepole, uwasomee na wale wasiojua kusoma, kisha mzungumze pamoja. Mwishoni utakuta maswali matatu ya kuwasaidia.

Leo tutasema juu ya redio zenyewe, torchi na telefone: zimetengenezwa na nini, zinakwenda wapi zikifa, na habari mpya tunayosikia ya kwamba wenye elimu wanatafuta vyombo vya umeme vinavyoweza kuoza kama jani la ndizi. Labda utauliza: neno hili linahusu amani kwa namna gani? Ngoja kidogo. Tuanze na ugomvi.

Ugomvi wa kartie moja

Tuchukue mfano wa kartie iliyo juu ya mlima, kama zilivyo nyingi katika Kivu yetu. Fundi wa redio ana meza yake kando ya njia. Watu wanamletea redio zisizosema na telefone zilizoanguka ndani ya maji. Mawe ya redio yaliyokwisha nguvu anayatupa nyuma yake, kwenye mteremko, pamoja na vibao na nyaya zilizoharibika. Siku nyingine anachoma nyaya apate shaba ya ndani, na moshi mweusi unaingia katika nyumba za jirani.

Chini ya mteremko ule kuna mama anayelima lengalenga. Mvua ikinyesha, maji yanashuka na kila kitu mpaka shambani kwake. Siku moja anamkuta mtoto wake anavunja jiwe la redio kwa nyundo, apate kile kijiti cheusi cha kuandikia ukutani. Mikono ya mtoto ni myeusi, na mdomo vilevile. Mama anapanda mlima kwa hasira. Fundi anajibu: «Mimi sikutengeneza mawe haya, mama. Watu wote wa kartie wananiletea. Unataka niyale?»

Jioni ile jamaa wawili wa mama wanakuja kwa fundi. Kesho yake ndugu za fundi nao wanakuja. Siku ya tatu, mtu fulani sokoni anauliza: «Huyu fundi, kwani yeye ni wa kabila gani?»

Umeona, ndugu yangu? Neno lilianza na takataka, likafika kwenye kabila. Wala hakuna hata mmoja aliyeuliza ndani ya jiwe lile kuna nini, na kwa nini halikuoza.

Ndani ya jiwe la redio kuna nini?

Jiwe la redio la bei ndogo ni kopo la zinki. Katikati kuna kijiti cha kaboni, nacho ndicho watoto wanachokitafuta. Kati ya kopo na kijiti kuna unga mweusi wa manganezi, umelowana kwa chumvi yenye ukali. Zinki inapoliwa polepole na ile chumvi, umeme unatoka. Ndiyo maana jiwe la zamani linatoboka na kutoa maji: kopo lake limekwisha kuliwa. Ule unga na yale maji si dawa ya kuandikia. Vinaunguza ngozi, havifai mdomoni, na vikiwa vingi vinaharibu udongo na maji. Mawe mengine yana hata metali zenye sumu zaidi, kama kadimiamu.

Kibao cha ndani ya redio ni neno lingine tena. Ubao wake wa rangi ya kijani ni nyuzi za kioo zilizoshikwa na gundi ya plastiki. Juu yake kuna njia za shaba, risasi na bati vilivyoyeyushwa ili kushikamanisha, na vipande vidogo vingi. Kibao hiki hakiozi. Ukikizika leo, mjukuu wako atakifukua. Ukikichoma, plastiki yake inatoa moshi wenye sumu, na risasi inabaki katika majivu na udongo.

Usidhani ni sisi tu tunaosumbuka. Hesabu ya Umoja wa Mataifa inaonyesha kwamba katika mwaka 2022 dunia ilitupa tani milioni 62 za vyombo vya umeme. Zile zilizokusanywa na kutengenezwa tena kwa njia inayojulikana zilikuwa karibu 22 tu kwa mia. Zinazobaki zinazikwa, zinachomwa, au zinapelekwa mbali, mara nyingi kwa watu maskini kuliko wale waliozitumia. Inchi za Afrika ziliona hatari hiyo mapema. Mwaka 1991 zilifanya mapatano kule Bamako, Mali, ya kukataza kuingiza Afrika takataka zenye hatari. Lakini chombo kilichochakaa kikiandikwa «cha kutumika tena» kinapita mpakani, na baada ya miezi michache kinakuwa takataka kwetu.

Kitu kinachopitisha umeme na kinachooza

Sasa tuingie katika habari mpya. Wenye elimu wanasema juu ya «vitu vya organiki». Maana yake ni vitu vilivyojengwa juu ya kaboni. Kaboni ndiyo iliyo nyingi katika makala unayopikia, na ndiyo inayojenga mti, pamba, hariri, sukari na mwili wako. Hata plastiki imejengwa na kaboni. Kwa hiyo ushike neno hili vizuri: si kila kitu cha organiki kinaoza. Mfuko wa plastiki ni wa organiki kwa lugha ya sayansi, na wewe mwenyewe unaona ginsi unavyokaa ndani ya mtaro miaka na miaka. Tunatafuta kitu chenye tabia mbili kwa pamoja: kinaweza kufanya kazi ya umeme, na kikimaliza kazi kinarudi udongoni bila sumu.

Tabia ya kwanza ilionekana zamani kidogo. Watu wote waliamini kwamba plastiki haipitishi umeme. Ndiyo maana tunavika nyaya plastiki. Lakini mwaka 1977 wenye elimu watatu, Hideki Shirakawa wa Japani, Alan MacDiarmid na Alan Heeger, walionyesha kwamba plastiki ya aina fulani ikiongezwa dawa ya iodi inapitisha umeme karibu kama metali. Mwaka 2000 walipewa zawadi ya Nobel ya kemia. Leo vioo vya telefone nyingi vinatoa mwanga kwa vitu vya organiki vilivyopakwa vyembamba sana. Basi si ndoto tena, vinatumika.

Tabia ya pili, ile ya kuoza, ndiyo ngumu. Nikupe mifano mitatu.

Wa kwanza ni wa Linz, katika inchi ya Austria. Katika mwaka 2012 watafiti wa kule walitengeneza transista kwa nili. Transista ni mlango mdogo unaofungua na kufunga njia ya umeme; bila huo hakuna redio wala telefone. Na nili ndiyo rangi ya buluu iliyotolewa katika majani tangu zamani kwa kutia rangi nguo, rangi ileile ya suruali za djini. Kitu kilichokaa katika nguo miaka mingi kumbe kinaweza kuamuru umeme.

Wa pili ni wa mji uleule, mwaka 2022. Watafiti walikuza uyoga juu ya vumbi la mbao. Uyoga ule unajifunika ngozi ngumu. Waliitoa ngozi ile, wakaikausha, wakapaka juu yake njia nyembamba za metali, wakaweka vipande vya umeme. Ngozi ilivumilia moto wa zaidi ya digrii 200, kiasi cha kuweza kuunganisha vipande kwa risasi ya fundi. Ilikunjwa mara nyingi bila kuvunjika. Lakini ilipowekwa katika mbolea yenye unyevu, ilioza kwa muda wa majuma mawili hivi. Vipande vya juu vinaokotwa na kutumika tena. Kwa hiyo ni ule ubao tu unaooza, ule ambao kwetu ni wa kijani na hauozi kamwe.

Mfano wa tatu unatuhusu zaidi, kwa sababu ni jiwe la redio la karatasi. Watafiti wa Uswisi, katika nyumba ya utafiti inayoitwa Empa, walionyesha kazi hiyo katika mwaka 2022. Walichukua kipande cha karatasi, wakakitia chumvi ya kawaida, wakakiacha kikauke. Upande mmoja walipaka wino wenye grafiti, ambayo ni kaboni kama ile ya kalamu ya kreyo. Upande wa pili walipaka wino wenye unga wa zinki. Karatasi ikiwa kavu, hakuna kinachotokea, nayo inaweza kukaa hivyo. Ukidondosha matone mawili ya maji, chumvi inayeyuka, na kwa muda wa nusu dakika hivi umeme unaanza kutoka. Umeona? Ni zinki, kaboni na chumvi, kazi ileile ya jiwe la mama na fundi wetu, lakini bila kopo, bila unga wa manganezi, na kwa kiasi kidogo sana cha zinki. Jiwe la kawaida linatoa volti 1.5, karatasi ile ilitoa 1.2, na vipande viwili viliendesha saa ndogo ya mezani.

Vinashindwa wapi?

Usikimbie kwa furaha sasa hivi. Karatasi ile ya Uswisi baada ya saa moja hivi ilianza kukauka na nguvu zikapungua. Haiwezi kukuletea habari za asubuhi mpaka jioni. Ni kwa vitu vidogo vya kutumia mara moja: kipimo cha ugonjwa katika kituo cha afya, au alama ya kubandika kwenye sanduku la chanjo ili kujua kama limepata joto njiani.

Kisha kuna shida ambayo kila mkulima anaielewa. Kitu kinachooza hakijui kungoja ruhusa yako. Unyevu na vijidudu vinavyooza jani vitaozesha na chombo. Telefone yako unataka ivumilie mvua, jasho na vumbi miaka mingi, na siku utakapoitupa unataka ioze upesi. Mambo hayo mawili yanapigana. Vilevile transista za organiki nyingi zinafanya kazi polepole kuliko zile za silisiumu. Kwa hiyo utaona kwanza vibao na vifuniko vinavyooza, na vyombo vidogo. Ubongo wenyewe wa telefone utabaki wa silisiumu na metali kwa muda mrefu.

Na mawe yetu ya mlimani?

Hapo ndipo wengine wanauliza kwa wasiwasi: «Kama Wazungu watatengeneza telefone kwa uyoga na karatasi, nani atanunua koltani yetu?» Na wengine wanasema kwa tumaini: «Koltani ikikosa mnunuzi, vita vitakwisha.» Maneno hayo mawili nimeyasikia kutoka kwa watu wenye akili. Yote mawili yanahitaji kupimwa.

Koltani inatoa metali inayoitwa tantali. Kazi yake kubwa ni katika kondansateri, kile kikopo kidogo kinachoshika umeme na kuutoa kwa kipimo. Uyoga wa Linz na karatasi ya Uswisi havikuchukua nafasi ya kondansateri hiyo. Kwa hiyo anayekuambia kwamba mwaka kesho koltani itakuwa kama changarawe anakudanganya. Vilevile kobalti ya Kolwezi, inayokwenda katika batri za telefone na za magari ya umeme, ina njia yake nyingine.

Lakini ni kweli kwamba wanunuzi wanaweza kubadilika, na sisi tumekwisha kuonja jambo hilo. Mwaka 2000 bei ya tantali ilipanda kupita kiasi. Watu waliacha maharagi shambani na watoto waliacha masomo, wakaenda kuchimba. Mwaka 2001 bei ikaanguka. Watengenezaji wengi walikuwa wamekwisha kugeukia kondansateri za keramiki pale walipoweza. Hakuna hata mchimbaji mmoja aliyeulizwa. Kisha mwaka 2010 Marekani ilifanya sheria ya kudai kampuni ziseme kama madini yao yanatoka Kongo au kwa majirani zake, na mwezi wa 9 mwaka uleule serkali yetu ilisimamisha uchimbaji katika Kivu ya Kaskazini, Kivu ya Kusini na Maniema mpaka mwezi wa 3 mwaka 2011. Kusudi lilikuwa kukata chakula cha vita. Lakini jamaa nyingi zilizoishi kwa sururu zilikaa bila franka, na wenye silaha hawakuweka silaha chini kwa sababu hiyo.

Tena mwaka 2024 vita vilifika Rubaya, katika Masisi, fasi ya koltani inayojulikana duniani. Mwezi wa 4 kundi la M23 liliushika mji ule. Basi usidanganyike kwamba jiwe lenyewe linaanzisha vita. Mlima wa Rubaya ulikuwapo kabla ya babu zetu. Watu wanapigana juu ya nani anashika njia, nani anatoza kodi, shamba ni la nani, na nani anaitwa mgeni. Jiwe linalipa gharama za ugomvi ambao tayari upo. Ukiondoa koltani, watapigania zahabu, makala, mbao au ng'ombe, kama maneno ya ardhi na ya uongozi hayakutengenezwa.

Ndiyo sababu nasema hivi, na ningependa ulishike neno hili kuliko mengine yote: vyombo vinaweza kutengenezwa vikaoza vyenyewe, lakini ugomvi hauozi wenyewe. Ukizikwa bila kuzungumzwa, unakaa kama kile kibao cha kijani, na mjukuu wako ataufukua.

Tufanye nini sasa?

Habari za uyoga na karatasi zinatupa tumaini, lakini hazijafika kwenye soko letu. Tusingoje. Kuna mambo ambayo kartie inaweza kufanya juma hili.

Mawe ya redio yaliyokwisha usiyavunje, usiyachome, usiyatupe karibu na chemchemi wala shamba. Yaweke pakavu, ndani ya bidoni ya plastiki yenye kifuniko, mbali na watoto. Hayo si maponyo kamili, ni kuzuia sumu isitembee na mvua.

Batri ya telefone iliyovimba usiitoboe wala kuipiga. Inaweza kushika moto mkononi mwako. Iweke peke yake, mbali na vitu vinavyowaka.

Nyaya usizichome kupata shaba. Zivue plastiki yake kwa kisu. Ni kazi ndefu zaidi, lakini moshi hauingii katika kifua chako wala cha jirani.

Redio inayoweza kutengenezwa itengenezwe. Hapa nataka kumsifu fundi, kwa maana mtu anayeongeza miaka mitano kwenye redio ya zamani ameokoa dunia na takataka kuliko uyoga wowote mpaka leo. Fundi si adui wa kartie. Anahitaji fasi ya kuweka yaliyokufa.

Mwisho, wafanya biashara wanaoleta mawe na telefone waitwe nao kwenye baraza. Wanaofaidika na kuleta wasaidie katika kukusanya. Shefu wa kartie anaweza kuwauliza bila kuwatukana.

Turudi mlimani

Tuseme katika kartie yetu ya mfano wazee walifika kabla ya damu. Hawakuanza na kabila. Walimwomba mama aonyeshe shamba, wakamwomba fundi aonyeshe mteremko, wote wakashuka pamoja kwa miguu. Mwalimu wa masomo akavunja kimya, akaeleza kilichomo ndani ya jiwe la redio, kama nilivyokueleza hapa. Fundi akasema kweli: hakujua. Mama akasema kweli: naye ana mawe mawili ya torchi aliyoyatupa mtaroni juma lililopita. Watu wakacheka kidogo. Mfanya biashara mmoja akatoa bidoni mbili. Vijana wakaokota yaliyokuwa juu ya mteremko kwa koleo, bila kuyashika kwa mikono mitupu, na mama akahamishia lengalenga upande mwingine ambapo maji yale hayapiti.

Je, kuna aliyeshinda? Fundi anaendelea na kazi yake, mama anauza mboga zake, na yule aliyeuliza habari za kabila alikosa wa kumjibu. Bidoni zitajaa siku moja, na hapo watahitaji serkali iwaonyeshe fasi ya kuzipeleka. Lakini watakwenda kuomba wakiwa kartie moja.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi

1. Katika kartie yenu, mawe ya redio na telefone zilizokufa zinakwenda wapi? Maji ya mvua yanashuka kwa nani?

2. Je, mnakumbuka ugomvi ulioanza na neno dogo la takataka, maji au mpaka, ukafika kwenye kabila? Nani angeweza kuusimamisha, na saa gani?

3. Kama siku moja dunia itahitaji mawe yetu kwa uchache, vijana wetu wanaochimba watajua kazi gani nyingine? Tuanze kuwafundisha lini?

Ukimaliza, mpe jirani karatasi hizi, hasa yule ambaye hamjasalimiana siku nyingi. Tukutane tena katika mazungumzo yanayokuja. Amani na masikilizano yabaki nanyi.